Viganja Vigumu, Umio Hatarini: Jinsi Jeni ya RHBDF2 Ilivyopatikana

Tailosisi yenye saratani ya umio ni ugonjwa adimu wa kurithi. Ngozi ya viganja na nyayo hunenepa na kukakamaa tangu utotoni, kisha ukubwani saratani ya seli bapa huota kwenye umio. Mwaka 1958 Howel-Evans na wenzake waliueleza baada ya kuchunguza familia mbili za Liverpool, Uingereza. Kati ya wanafamilia 48 wenye ngozi hiyo, 18 waliugua saratani ya umio. Kati ya 87 wasiokuwa nayo, aliugua mmoja tu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa watafiti pa kuanzia. Kiganja kilionyesha nani amerithi kasoro miaka mingi kabla ya uvimbe kutokea, hivyo kipande cha DNA kinachoandamana nayo kikafuatiliwa kizazi hadi kizazi. Miaka ya 1990 kilibainika kuwa kwenye kromosomu 17, eneo la 17q25. Hapo kazi ikakwama. Jeni ya envoplakini, protini inayoimarisha seli za ngozi na za umio, ilishukiwa kuliko zote. Iliposomwa herufi kwa herufi, haikukutwa na kosa.

Jibu lilikuja mwaka 2012, pale timu ya Queen Mary University of London na washirika wake iliposoma eneo lote kwa mashine mpya za kusomea DNA. Kosa lilikuwa katika jeni ya RHBDF2. Familia za Uingereza na Marekani zilikuwa na badiliko lilelile: katika nafasi ya 186 ya protini, threonini imekalia mahali pa isoleusini. Kwa familia ya Ujerumani, prolini ya nafasi ya 189 imekuwa leusini.

Protini hiyo, iRhom2, husaidia kimeng'enya cha ADAM17 kukomaa na kufika kwenye utando wa seli, ambako hukata na kuachia viamsha ukuaji. Badiliko haliizimi, huizidishia nguvu, na seli huwa kama za jeraha lisilokoma kupona.

Saratani ya seli bapa iliyo ya kawaida Kenya, Tanzania na Malawi ni suala jingine; huhusishwa zaidi na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto sana. Lakini aliyerithi kasoro ya RHBDF2 anapaswa kuacha sigara na kupimwa umio kwa endoskopi kila mwaka, hata kama anameza bila shida.