Kodi, Kutaifisha na Kutwaa: Istilahi Katika Kesi ya Wenye Nyumba wa New York

Mwezi Juni 2019 Jimbo la New York lilipitisha sheria iliyokaza masharti ya kupandisha kodi za nyumba. Mwezi uliofuata, vyama viwili vya wenye nyumba vilifungua shauri katika Mahakama ya Shirikisho, vikidai kwamba sheria za aina hiyo zinavunja Rekebisho la Tano la Katiba ya Marekani, linalokataza mali ya mtu kutwaliwa kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Shauri lilitupwa mwaka 2020, rufani ikashindwa Februari 2023, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza.

Habari hii yamtega mfasiri wetu mara tatu. Kwanza, akiandika "udhibiti wa kodi", msomaji atadhani kinachozungumzwa ni ushuru wa Serikali. Hapana budi aandike "udhibiti wa kodi ya pango". Istilahi ndefu isiyo na utata ni bora kuliko fupi yenye kupotosha.

Pili, kitenzi "kutaifisha" hakifai hapa. Kwa Mtanzania neno hilo lakumbusha mwaka 1971, majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi yalipochukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Huko New York wenye nyumba walibaki na milki zao na waliweza kuziuza. Kilichobanwa ni kiasi cha pango na uhuru wa kumwondoa mpangaji.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni "kunyang'anya". Kweli, Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalitumia neno hilo. Lakini hapo Katiba inaweka katazo, ilhali katika shauri hili kinachobishaniwa ni iwapo tendo lenyewe limetokea. Mfasiri asemaye "sheria iliyowanyang'anya wenye nyumba" amekwisha kutoa hukumu kabla ya jaji. Naye asemaye "kudhibiti" tu ameifuta hoja yote ya wadai.

Tuonavyo sisi, neno stahili ni "utwaaji", ambalo watumishi wa Serikali wamekwisha kulizoea katika utwaaji wa ardhi. Halimwelemei mwenye nyumba wala mpangaji. Kazi ya istilahi ni kuifikisha hoja ya kila upande ikiwa nzima. Kuamua ni kazi ya mahakama.