Fedha ya Kuta na Fedha ya Shauri

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita, mtu akileta fedha kwa ajili ya afya, jambo la kwanza aonyeshwalo ni kiwanja. Jengo laonekana; hupakwa chokaa, hufunguliwa kwa ngoma, na jina la mtoaji huandikwa ukutani. Mimi siyalaumu majengo. Nalaumu desturi ya kudhani ya kwamba jengo ndilo matibabu, na ya kwamba fedha ya kuwakalisha pamoja wauguzi, wazee, madereva na wachimbaji, wapatane namna ya kusaidiana, ni fedha iliyopotea.

Tukumbuke Msamaria mwema. Hakujenga nyumba ya wageni. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akapatana na mwenye nyumba, akalipa, tena akaahidi kulipa salio akirudi. Ukiondoa kimoja katika hayo, majeruhi yule asingalipona.

Jambo hili limekwisha kuhakikishwa kwetu. Toka mwaka 1991 hata 1994 wataalamu walifanya jaribio katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, ambao wakati ule ulikuwa na Geita ndani yake. Zilichaguliwa sehemu 12. Katika sehemu 6 waganga wa zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa, wakapelekewa dawa pasipo kukatika, wakatembelewa na wakaguzi, na watu wakahimizwa kuja mapema. Zahanati zilikuwa zile zile. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha ya kwamba katika sehemu hizo maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua yapata 40 kwa mia, yakilinganishwa na zile 6 nyingine.

Kadhalika mpango wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema, ukaenea Shinyanga, na mwaka 2022 Serikali ikauzindua kwa nchi nzima. Mama akitokwa na damu usiku, hupigwa simu namba 115. Muuguzi hupima hali yake, hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana humwita dereva wa jirani aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Dereva yule alikuwako zamani, na gari lake pia. Kilichokosekana ni mapatano.

Walakini kuna kasoro mbili. Ya kwanza, shauri lililosimama juu ya mfuko wa mgeni huanguka naye. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la USAID, kazi nyingi za afya katika Afrika zilisimama. Ya pili, fedha iliyo karibu nasi hatuiombei jambo hili. Sheria ya madini, kama ilivyogeuzwa mwaka 2017, yamtaka mwenye mgodi aandike kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii, akubaliane na halmashauri. Basi mlango umefunguliwa. Mbona twaingia na kuomba bati na saruji tu?

Mfikirini mchimbaji mdogo wa Nyarugusu mwenye kifua kikuu. Dawa yake ni ya miezi 6. Mwezi wa pili asikia dhahabu imeonekana kwingine, ahama usiku. Zahanati haiwezi kumfuata. Orodha ya wagonjwa na mapatano ya kituo kimoja na kingine vyaweza.

Wengine watasema, mashauri haya huishia katika posho na chai. Ni kweli, nami nimeketi katika mikutano ya namna hiyo, tukapiga makofi kwa mpango ulioandikwa mjini kabla ya sisi kuitwa. Dawa yake si kuacha kushauriana. Kila mkutano na uulizwe maswali matatu kabla ya kulipwa: nani ataitwa usiku, nani atamsafirisha mgonjwa, na nani atampokea? Usipojibu, fedha irudi.

Basi halmashauri zetu na zitenge kila mwaka sehemu ya fedha ya migodi kwa kazi hii, na mkunga wa kijiji na dereva wa pikipiki wapewe viti mezani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala ukuta mmoja hauponyi mgonjwa.