Utando wa Buibui: Mashine Ilishika Usukani Wapi?

Juni 1, 2025, katika operesheni ya Ukraine iliyoitwa Utando wa Buibui, malori yaliyobeba vibanda vya mbao yaliegeshwa karibu na viwanja vya ndege vya kijeshi ndani kabisa ya Urusi. Kimoja, Belaya huko Siberia, kiko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Mapaa yakafunguka kwa rimoti, zikaruka droni ndogo za mapanga manne. Kyiv ilisema zilikuwa 117. Idara ya Usalama ya Ukraine ilidai ndege 41 ziliguswa. Maofisa wa Marekani walikadiria 20, na kumi hivi kati ya hizo ndizo zilizoharibika kabisa.

Lori kuvushwa mpaka ni ujanja wa kale. Kipya hapa ni usukani.

Kwa kawaida rubani wa droni hizi huwa kilomita chache tu kutoka zilipo, miwani usoni, akiona kile kamera inachoona. Redio yake haifiki Siberia. Waukraine wakatumia mtandao wa simu wa Urusi yenyewe. Lakini yeyote aliyewahi kupiga simu ya video kwa mtandao wa kusuasua anajua shida yake: picha hufika imechelewa. Unachokiona kimeshapita. Ndipo ilipohitajika ArduPilot, programu huria iliyoanzishwa na wapenzi wa droni kama burudani. Amri ikichelewa, yenyewe huituliza droni hewani.

Na mtandao ukikatika kabisa? Hapo, kwa maelezo ya idara hiyo, akili mnemba ilipokea kazi na kuendelea na njia iliyopangwa. Inaripotiwa kwamba ilifundishwa kwa ndege za Kisovieti zilizomo katika jumba la makumbusho la Poltava, dada wa zile zilizolengwa: umbo la ndege, bawa linapoungana na kiwiliwili, mahali penye mafuta. Chuma cha maonyesho kikageuka kitabu cha darasani.

Urusi haikuwa imelala. Tangu 2023 picha za satelaiti zilionyesha tairi za magari zimepangwa juu ya mabawa ya Tu-95, ndege za kivita za masafa marefu. Watu walicheka. Ila tairi hazikuwekwa kwa ajili ya macho ya binadamu: zinavunja mstari wa umbo, ili kompyuta inayolinganisha picha isitambue inachokitazama. Binadamu ataona ndege iliyobeba tairi. Mashine huenda isione ndege. Katika video za siku ile tairi zinaonekana, na droni inashuka katikati yake taratibu, kama nzi anayechagua pa kutua. Kwa hiyo siwasadiki wanaosema akili mnemba ndiyo iliyopiga. Kazi kubwa ilifanywa na mtu mwenye rimoti.

Kinachonitia wasiwasi ni kile kipande kidogo kilichobaki kwa mashine. Mamlaka ya binadamu juu ya silaha ile yalining'inia kwenye mawimbi ya simu. Ukitaka kuizuia, utavuruga mawimbi. Ukiyavuruga, umemtoa binadamu na kuikabidhi mashine usukani. Kila kinga mpya ya aina hiyo inampa mshambuliaji sababu ya kuifundisha droni yake kujitegemea zaidi, na hilo halihitaji kiwanda cha mabilioni.

Tena shabaha yenyewe si ya kuchezea. Tu-95 hubeba makombora ya nyuklia, na mwongozo wa nyuklia wa Urusi uliorekebishwa Novemba 2024 unahesabu shambulio linalovuruga uwezo wake wa kujibu kwa nyuklia kuwa mojawapo ya sababu za kuzitumia silaha hizo. Juni ile Moscow haikuzigusa.

Miezi sita kabla, Desemba 2, 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio kuhusu silaha zinazojiamulia zenyewe. Nchi 166 ziliunga mkono. Urusi, Belarus na Korea Kaskazini zilikataa. Ukraine haikuegemea upande wowote.