Ngoro za Wamatengo na Kasumba ya Mbolea ya Chumvichumvi

Katika madarasa ya siasa bado tunasikia kwamba mkulima wa Mbinga atakuwa wa kisasa siku atakapopata mbolea ya chumvichumvi ya kutosha. Hiyo ni kasumba, na yafaa ikosolewe waziwazi.

Wamatengo walilima miteremko mikali kwa ngoro kabla ya mkoloni kufika. Majani hufyekwa mvua zikielekea kwisha, hupangwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati na kuyafunika. Maharage hupandwa juu ya tuta. Mahindi hufuata msimu ujao. Shimo huzuia maji yasibebe udongo, na magugu yanayotupwa humo huwa mboji. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika juu ya maarifa haya katika Tanganyika Notes and Records. Utawala huohuo wa kikoloni ulikuja kuwashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, hadi wakaasi mwaka 1955! Umatengoni kazi ilikwisha fanyika bila amri ya mtu.

Mbolea ya dukani ina bwana wake. Ushirika wa MBICU ulikuwa ukiwakopesha wakulima wa kahawa pembejeo. Soko huria la miaka ya 1990 lilipouangusha, mkulima aliachwa peke yake na mfanyabiashara. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku msimu wa 2022/2023. Ruzuku ilihitajika. Lakini rutuba inayosubiri meli haiwezi kuitwa kujitegemea, na salfeti ya amonia ikitumiwa mfululizo huzidisha uchachu wa udongo.

Hata hivyo, ndugu zetu wanaohubiri kilimo hai nao wanaficha jambo. Katika ngoro mwanamume hufyeka na kupanga majani. Anayechimba mashimo ni mwanamke. Kuisifu ngoro bila kutaja jembe hilo ni kusifu unyonyaji wa nyumbani. Tena, mboji ya shamba lilelile hairudishi fosforasi iliyoondoka na magunia ya mahindi yaliyouzwa.

Kwa hiyo kada wa Kitai, anayeona malori ya mbolea yakipita njia panda ya Lituhi, asianze kikao cha kijiji kwa kuuliza mifuko mingapi imefika. Aulize kwanza samadi ya mazizi inakwenda wapi, nani anaibeba, na kwa nini wanaume hawachimbi.