Shauri la Rosa Halikustahili Kupelekwa Mbinguni

Hadhi ya Euphrase Kezilahabi haipungui kwa kusemwa kwamba, katika kurasa za mwisho za riwaya yake Rosa Mistika, alipowachukua Zakaria na binti yake Rosa waliokwisha kufa akawasimamisha mbele ya Mungu washitakiane, alitenda kosa la ufundi ambalo Shaaban Robert asingelitenda. Kitabu ni cha mwaka 1971, na waliokisoma hawahitaji kusimuliwa.

Tulitazame shauri lenyewe. Binti anamlaumu baba, baba anamlaumu binti, na hakimu ni Yeye ajuaye yote. Na hakimu ajuaye yote hana haja ya ushahidi, wala penye hakimu wa namna hiyo hapabaki fumbo. Nalo fumbo, tangu ile barua ya mapenzi ya kijana Charles iliyomponza Rosa akapata kwa baba yake kipigo kisicho na insafu, lilikuwa moja: dhambi ya kifo chake itamwangukia nani? Sura baada ya sura msomaji amekusanya ithibati, mara akimtia hatiani mlevi Zakaria, mara walimu, mara wanaume wenye vyeo, mara Rosa mwenyewe. Kisha, alipokaribia kuamua, ananyang'anywa jalada.

Na mashahidi je? Flora, Honorata, Stella na Sperantia, waliolelewa pamoja na dada yao Rosa chini ya paa moja na fimbo moja, hawana kauli katika baraza lile. Hatia ya ndugu aliyebaki hai, anayejiuliza usiku kama alinyamaza pale alipopaswa kupiga kelele, ndiyo iliyokuwa hazina ya hadithi hii, nayo ikaachwa ardhini. Huku kwetu Bugene, mlamula, mti upandwao kuonyesha mpaka wa mashamba, ukihamishwa usiku, baraza huwaita kwanza majirani wa pande zote mbili.

Katika Kusadikika, mwaka 1951, Shaaban Robert alijenga baraza pia. Lakini Karama, aliyeshitakiwa na Waziri Majivuno, alijitetea siku sita, akileta habari za mjumbe mmoja baada ya mwingine, hata hukumu ikazaliwa na maneno yake. Na Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla, kwa kiko chake na udadisi wake, hakupata kumwachia malaika kazi ya kumtafuta mkosaji.

Lugha ya Kezilahabi ni safi, na sura za shuleni zimesukwa barabara. Nadhani mwenyewe alilitambua kosa, maana katika Kichwamaji, mwaka 1974, alimwacha mhusika wake mkuu, Kazimoto, afe bila ya kumfuata ahera.

Waliokipiga kitabu marufuku mashuleni walikodolea macho kitanda, wala hawakuliona kosa hili. Marufuku ilipoondolewa, watungaji wa mitihani nao walipenda kuuliza nani wa kulaumiwa. Mtoto akijibu "malezi" alipewa alama zake, pasi na mtu kumwuliza Stella alijua nini.