Nairobi–New York: Umbali Mmoja, Saa Mbalimbali

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York kwa Boeing 787-8. Ratiba ilitenga takriban saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Ndege ni ileile na viwanja ni vilevile, ila kwenda kunazidi kurudi kwa saa nzima.

Tuanze na umbali. Ukiweka rula juu ya ramani ya ukutani, mstari unakatiza Kongo, kaskazini mwa Nigeria na Mauritania, kisha unaingia Atlantiki. Rubani akiufuata ataruka karibu kilomita 12,190. Lakini dunia ni mviringo. Chukua tufe la darasani, ukaze uzi kati ya miji hiyo miwili, nao utapanda kaskazini-magharibi kupitia Sudan Kusini, Chad, jangwa la Algeria na Morocco. Uzi huo ni kama kilomita 11,840. Kilomita 350 zimeokolewa kabla injini haijawashwa.

Kasi ya kawaida ya 787 angani ni kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na dakika 9. Hesabu nyingi za haraka huishia hapo, na ndiyo maana huwapotosha wasafiri. Saa za ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya pili: kuna kutambaa uwanjani, kungoja zamu, kupanda na kushuka polepole, na kukwepa anga zisizopitika.

Halafu kuna upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha ndege kubwa, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi nguvu majira ya baridi. Tuseme wastani wake njia nzima ni kilomita 50 kwa saa. Anayekwenda New York anabaki na kasi ya 850, yaani saa 13 na dakika 56. Anayerudi anapata 950, yaani saa 12 na dakika 28. Upepo huo wa wastani tu unatenganisha safari mbili kwa karibu saa moja na nusu.

Kwangu mimi, ugumu halisi wa njia hii uko kwenye kuruka. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi. Mabawa hubeba kidogo na injini hupungukiwa nguvu. Na safari inayokabili upepo wa mbisho, inayohitaji mafuta mengi zaidi, ndiyo inayoanzia hapo. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kunapunguza shida hiyo. Uwanja wa JFK wa New York uko karibu na usawa wa bahari, na kutoka huko upepo unasukuma.

Ratiba ya mwanzo iliondoa ndege Nairobi saa 5:25 usiku na kuifikisha New York saa 12:25 asubuhi. Kwa saa za ukutani za miji hiyo miwili ni saa saba tu. Majira ya baridi New York iko nyuma kwa saa nane, jumla 15. Mgonjwa anayemeza dawa kwa saa maalumu apange kwa hizo 15.