Sindimba: Jinsi Mapigo Yanavyouchezesha Mwili Ulioketi

Anayesikiliza sindimba, ngoma ya Wamakonde, akiwa ameketi huhisi kiuno na shingo vikivutwa na mapigo, ilhali hajanyanyuka. Sauti humletea hisia hiyo ya mwendo kwa njia mbili: moja ya sikio, nyingine ya ubongo.

Njia ya kwanza hutegemea nguvu ya mlio. Katika sikio la ndani, kiungo cha kusikia kimepakana na viungo vya mizani ya mwili, na vyote vimejaa majimaji yanayopitisha mtikisiko. Kimojawapo cha viungo hivyo vya mizani ni kifuko kiitwacho sakula, ambacho hupima kichwa kinapopanda na kushuka. Mlio mzito wenye nguvu hukichochea hata kichwa kikiwa kimetulia. Mwaka 2000 watafiti Todd na Cody walipima misuli ya shingo ya watu waliosikilizishwa muziki wa dansi, wakaikuta ikiitikia sauti ilipovuka takriban desibeli 90. Aliyeketi karibu na ngoma kubwa hupata sauti ya kiwango hicho bila shida.

Njia ya pili ni hesabu ya mapigo. Ngoma ndogo za Kimakonde hupashwa moto mpaka ngozi ikaze, zikatoa mlio mkali unaoshikilia mwendo mmoja. Ngoma nyingine hupishana juu yake, hizi zikigawa muda kwa mbili, hizi kwa tatu. Ili kupata pigo kuu, ubongo hulazimika kulibashiri kabla halijalia. Mwaka 2007 Grahn na Brett walionyesha kwamba midundo yenye pigo bayana huamsha sehemu za ubongo zinazoandaa mwendo, hata msikilizaji akiwa amelala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha. Njuga za mchezaji huongeza nguvu ya hesabu hiyo, kwa kuwa kila hatua yake husikika hata asipoonekana.

Njia hizi zinaweza kutenganishwa, na rekodi za zamani zinaonyesha hilo. Mwaka 1906 Karl Weule, mwanaethnografia wa Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na fonografu, mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta. Silinda za wakati huo zilinasa milio mizito kwa udhaifu mkubwa. Katika rekodi za aina hiyo sakula haipati cha kuichochea, lakini mpangilio wa mapigo hubaki na ubongo huendelea kuubashiri. Spika ndogo ya simu nayo hufanya vivyo hivyo: huweza kuchezesha mguu wa msikilizaji, lakini ule mvuto wa shingoni unahitaji ngoma yenyewe au spika kubwa.